Gari la Shamba Likizimika Njiani

Kila mwenye mikarafuu ajua kwamba karafuu ikishachumwa haina subira. Jioni huletwa nyumbani, usiku ule ule huchambuliwa makonyo, na asubuhi hutandazwa majamvini ipate jua. Ikilala guniani hali bado mbichi na imebanana, huchemka yenyewe kwa yenyewe. Hata ikianikwa baadaye haitoi tena ile rangi ya hudhurungi yenye kung'aa. Hutoka imesinyaa na imepauka, na mnunuzi huishusha daraja. Basi gari linalozimika magharibi kati ya shamba na nyumba, nalo limebeba magunia, halimpotezei mwenyewe saa mbili tatu tu. Laweza kumpotezea kazi ya wachumaji ya siku nzima.

Wako bado wenzetu wanaotumia magari ya zamani kwa kazi hii, nasi hatuwalaumu. Bedford ya bodi la mbao na Land Rover ya zamani ni magari yanayoweza kutengenezwa chini ya mwembe kwa spana chache, jambo ambalo gari la siku hizi halikubali. Makala haya yatazungumza hasa juu ya Land Rover ya petroli ya Series II na Series IIA, iliyotengenezwa tangu 1958 hata 1971, yenye injini ya silinda nne ya sentimita za ujazo 2,286. Lakini yale yatakayosemwa juu ya cheche na mafuta yafaa pia kwa Austin, Morris au Bedford yoyote ya petroli ya miaka ile.

Gari hili lilizaliwa kwa ajili ya mkulima. Maurice Wilks, aliyekuwa mkuu wa uhandisi wa kampuni ya Rover, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey huko Wales, na alikuwa akitumia Jeep ya Kimarekani iliyobaki baada ya vita. Yasimuliwa kwamba mwaka 1947 alichora umbo la gari jipya juu ya mchanga wa pwani ya kisiwa hicho. Gari lenyewe lilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Wakati ule chuma kilikuwa adimu Uingereza, kwa hiyo bodi lilifanywa kwa bati la aluminiamu, na chesisi ikafanywa kwa chuma. Jambo hili la metali mbili tutalirudia, maana kwa watu wa pwani ndilo lenye gharama kubwa kuliko yote.

Sasa tuje kwenye kuzimika. Shida kubwa tunayoiona si uharibifu wenyewe, bali ni haraka ya kufungua. Gari likizimika, dereva hufungua kabureta. Fundi akija hufungua plagi. Jirani naye, kwa nia njema, hulegeza distributa na kuizungusha. Baada ya nusu saa injini yawaka, na kila mmoja adai kuwa ni yeye aliyeiponya. Kumbe injini imepoa tu, na ule ubovu wa kwanza uko pale pale, tena sasa umepata wenzake wawili. Mgonjwa hupimwa akiwa na homa. Dakika tano za mwanzo baada ya gari kuzimika ndizo zenye habari yote, na yakupasa uzitumie kuuliza maswali mawili tu kabla ya kugusa skrubu yoyote: cheche ipo? Mafuta yafika?

Kwa cheche, hakikisha kwanza kuwa hakuna petroli iliyomwagika wala harufu yake karibu. Kisha chomoa ule waya mnene utokao kwenye koili na kuingia katikati ya kifuniko cha distributa. Ushike kwa koleo yenye mpira, ncha yake iwe mbali na chuma cha injini kiasi cha milimita 6, na mwenzako awashe swichi na kuzungusha injini kwa stata au kwa hendeli. Cheche nzima huruka kwa mlio, nayo ni ya rangi ya buluu. Ikiwa ya manjano na dhaifu, au ikiwa hakuna kabisa, achana na kabureta. Ugonjwa uko upande wa umeme.

Hapo fungua kifuniko cha distributa, maana vibano vyake viwili hufunguka kwa mkono. Wakati wa masika mara nyingi utakuta umande ndani yake. Upanguse kwa kitambaa kikavu, nawe utazame kama pana mstari mweusi mwembamba kama unywele kutoka kituo kimoja hadi kingine. Huo ni ufa ambao umeme umejifanyia njia, na kifuniko hicho hakina dawa ila kubadilishwa. Tazama kile kikaa kidogo cha katikati kama bado kipo na chacheza kwenye springi yake. Kisha tazama vile vichuma viwili vinavyogusana na kuachana, ambavyo mafundi huviita pointi. Vikiwa vimeungua na kuwa kijivu, visugue kwa msasa laini kabisa, halafu pitisha karatasi safi katikati yake kuondoa unga. Nafasi yake vikiwa vimeachana kabisa ni milimita 0.35 hadi 0.40. Njiani, kama huna fila geji, kadi ngumu ya mwaliko wa arusi itakufikisha nyumbani, lakini usiifanye ndiyo kipimo chako cha siku zote.

Taa ndogo ya kujaribia, yaani balbu ya volti 12 yenye nyaya mbili, ni ya thamani kuliko sanduku zima la spana. Unganisha waya mmoja kwenye ile skrubu ya koili inayokwenda distributa, na wa pili kwenye chuma kitupu cha injini. Washa swichi, injini izungushwe polepole. Taa ikiwaka na kuzima, kuwaka na kuzima, basi pointi zafanya kazi yake. Ikikaa imewaka tu, pointi hazigusani au zina uchafu. Isipowaka kabisa, ama umeme haufiki kwenye koili, ama pointi haziachani, ama kondensa imekufa na kupeleka umeme wote kwenye bodi. Kwa jaribio hili moja umekwisha kugawa shida vipande vitatu, wala hujalegeza kitu.

Tuseme mwanachama wetu atoka Mtambwe na magunia, na gari lake limezoea kuzimika likiisha kupata moto sawasawa, likakaa nusu saa, kisha likawaka kama kwamba halikuwa na neno. Amekwisha kubadili plagi, amekwisha kusafisha kabureta mara mbili. Safari hii, mara tu linapozimika, anachomoa waya wa koili: hakuna cheche. Anaweka taa: yawaka na kuzima vizuri. Pointi ni safi. Basi hapo wamebaki washukiwa wawili, kondensa na koili, ambao wote huugua kwa joto na kupona kwa baridi. Aanze na kondensa kwa kuwa ni rahisi kwa bei na hufungwa kwa skrubu moja; isiposaidia, abadili koili. Na hapa tuna shauri moja: ile kondensa ya zamani iliyofanya kazi miaka mingi usiitupe kwa kuwa umenunua mpya. Kitu kipya dukani si lazima kiwe kizima.

Cheche ikiwa nzuri, geukia mafuta. Injini hii ina pampu ya petroli inayoendeshwa na injini yenyewe, na chini yake mna kikombe cha kioo na kijiti cha kupampia kwa mkono. Tazama kikombe kabla ya kukifungua. Petroli yajaa? Ina tabaka chini inayotikisika peke yake kama tone la zebaki? Hayo ni maji, nayo hutokea sana kwa petroli iliyowekwa kwenye madumu au tangi lililokaa nusu tupu msimu wote wa mvua. Kikombe kikiwa kitupu, pampu kwa mkono. Kisipojaa, fungua kifuniko cha tangi na usikilize. Ukisikia pumzi ikivutwa ndani, shida yako ilikuwa tundu dogo la hewa la kifuniko hicho lililoziba kwa vumbi: pampu ilikuwa ikivuta dhidi ya tangi lisilopata hewa. Dawa yake ni kuzibua tundu kwa sindano. Wapo watu waliokwisha kununua pampu mpya kwa ugonjwa huu.

Iko pia hali ya petroli kuchemka ndani ya bomba karibu na injini, hasa gari linapopanda kilima polepole adhuhuri na mzigo. Kikombe huonyesha mapovu. Weka kitambaa kilicholowa maji juu ya pampu na bomba, ungoje, kisha pampu kwa mkono. Bomba likiwa limegusa chuma cha moto, lisogeze na ulifunge mbali.

Kama mtu amekwisha kuchomoa nyaya zote za plagi kabla hujafika, usikate tamaa. Mpango wa kuwaka wa injini hii ni 1-3-4-2, ukihesabu silinda ya kwanza kutoka mbele. Zungusha kwa hendeli huku swichi imezimwa, uone rota yaelekea upande gani, kisha ufuate mpango huo kwa upande huo huo.

Neno moja juu ya valvu, maana zama zimebadilika. Injini hizi zilifanywa wakati petroli ilipokuwa na risasi, na risasi ile ilikuwa ikilinda vikalio vya valvu za kutolea moshi. Nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara ziliiacha petroli ya namna hiyo ilipofika mwanzo wa 2006. Gari la shamba linalokwenda polepole haliumii upesi, lakini yafaa kupima tapeti mara kwa mara kuliko kilivyosema kitabu. Nafasi ni milimita 0.25 kwa valvu zote nane, injini iwe moto au baridi. Hesabu yake ni nyepesi: valvu ya nane ikiwa imebonyea kabisa, pima ya kwanza, ya sita ikiwa imebonyea, pima ya tatu, daima jumla iwe tisa. Andika vipimo daftarini. Ukiona nafasi ya valvu moja yazidi kupungua kila mara upimapo, kikalio chake chaliwa, na ni bora silinda hedi ipelekwe kwa fundi wa mashine kabla ya mavuno kuliko katikati yake.

Juu ya maji hatutasema mengi. Kifuniko cha rejeta hakifunguliwi injini ikiwa na moto. Hilo kila mtu alijua, na bado watu huungua nyuso. Maji ya visima vyetu vya mawe ya matumbawe yana chokaa nyingi, ambayo huganda ndani ya rejeta kama inavyoganda ndani ya birika. Kinga maji ya mvua, uyaweke kwenye dumu safi kwa ajili ya gari. Themostati isitolewe kwa dhana kuwa gari litapoa zaidi. Na ukifungua kifuniko cha oili ukakuta ute mweupe kama maziwa, huku maji ya rejeta yapungua bila kuvuja mahali, gasketi ya silinda hedi imekwisha. Usiliendeshe hata kwa safari moja ya mwisho.

Katika umeme kuna mtego mmoja unaowanasa hata mafundi wazuri vijana. Magari mengi ya Kiingereza ya miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960 yalifungwa betri kinyume cha desturi ya leo: upande wa chanya ndio uliokwenda kwenye bodi. Tazama kwanza nyaya za gari lako kabla ya kufunga betri mpya. Na kama gari lilikwisha kutiwa alternata badala ya dinamo, kuigeuza betri mara moja tu hutosha kuiunguza. Taa zikiwa hafifu au stata ikizunguka kivivu na betri ni nzima, usitafute mbali. Fungua ule waya wa betri unaokwenda kwenye chesisi, sugua mpaka chuma king'are, fungua vituo vya betri, uvioshe kwa maji ya moto yaliyotiwa magadi kidogo, ufunge na kupaka vaselini.

Yote tuliyotaja hata hapa humchelewesha mtu. Breki ni jambo jingine, maana wakati wa mavuno nyuma ya gari hukaa wachumaji, na miongoni mwao watoto wa watu. Land Rover nyingi za Series II na IIA zina njia moja tu ya mafuta ya breki kwa magurudumu yote manne. Bomba moja likipasuka, pedali yazama mpaka chini na hakuna gurudumu hata moja litakaloshika. Kwa hiyo kagua mabomba yale ya chuma kila mwanzo wa msimu kwa kupitisha kidole, hasa nyuma juu ya ekseli ambako tope ya chumvi hukaa. Likiwa na vijipele vya kutu, libadilishe; usilisubiri.

Pedali yenyewe husema. Ikienda chini sana lakini yapanda ukiikanyaga mara mbili tatu upesi, breki shu zataka kukazwa kwa ile bolti ya kurekebishia iliyo nyuma ya dramu, au mna hewa ndani. Ikishika vizuri kisha ikazama polepole chini ya mguu uliotulia, pana uvujaji, na aghalabu ni masta silinda. Mafuta yakipungua kwenye kopo, tazama upande wa ndani wa kila gurudumu kama pana unyevunyevu. Usitie oili ya injini, wala mafuta ya nazi, wala chochote kisichokuwa mafuta ya breki, hata kwa kufika nyumbani tu: mpira wote ndani utavimba na kuharibika. Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewa, na hewa yetu ina unyevu mwaka mzima. Yabadilishe yote kila baada ya miaka miwili. Unapotoa hewa, anza na gurudumu lililo mbali kabisa na masta silinda, umalizie na lililo karibu.

Ukifungua dramu usipulize vumbi lake kwa mdomo wala kwa pampu ya upepo. Breki shu za zamani zilikuwa na asbestosi, ambayo leo yajulikana kuwa huleta saratani ya mapafu. Lowesha kwa maji, upanguse kwa kitambaa kibichi, nacho ukitie mfukoni na kukitupa.

Na breki ya mkono ya gari hili si kama ya magari mengine. Hushika ule mtaimbo unaopeleka nguvu nyuma, haishiki magurudumu yenyewe. Kwa sababu hiyo haifai kuvutwa gari likiwa lakwenda, ila kwa dharura. Zaidi ya hayo, ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, breki ya mkono hailizuii tena gari, kwani gurudumu lililo hewani huzunguka na gari hutelemka. Weka magogo au mawe mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini kila mara, hata mahali palipo tambarare, wala mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Tulisema tutairudia chesisi. Bodi la aluminiamu halili kutu nyekundu, kwa hiyo gari laweza kung'ara juu hali chini limekwisha. Tena penye kugusana aluminiamu na chuma, chumvi na unyevu hufanya metali mbili hizo zilane. Utaona unga mweupe na rangi iliyovimba kuzunguka bolti. Unapofunga tena kipande chochote, paka rangi pande zote mbili, tia kipande cha mpira katikati na grisi kwenye bolti.

Chesisi ni kama sanduku refu, nayo huoza kutoka ndani. Lala chini ukiwa na nyundo ndogo, uigonge kwa kituo tangu mbele hata nyuma. Chuma kizima hutoa mlio mkavu. Kilichooza hutoa mlio mzito kama wa debe lenye mchanga. Kaza masikio kwenye mhimili wa nyuma kabisa unaofungwa tela, na kwenye mikono inayoshika bodi chini ya miguu ya dereva. Zibua kwa waya matundu ya chini ya kutolea maji, maana tope likiyaziba, maji hukaa humo mpaka kiangazi. Gari likitoka bandarini au pwani kupakia, lioshwe chini kwa maji baridi ya mvua au ya mfereji siku ile ile. Na ikilazimu kuchomelea chuma karibu na kiti cha dereva, kumbuka kuwa tangi la petroli liko chini ya kiti hicho hicho: betri ifunguliwe kwanza, tangi litolewe lote na kupelekwa mbali na moto, na hata likiwa tupu lisisogezwe karibu, kwani mvuke uliobaki ndani ndio unaolipuka.